Mkono wa Mkwe

Dada yangu anashona mapazia. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi nang'oka meno ya utoto, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa wote ni Mama Pazia, hata kwa mwenye nyumba anapokuja kulalamika kuhusu kelele za cherehani. Ukipita mtaa wetu taa zikianza kuwaka, nusu ya madirisha unayoyaona kayavika yeye. Anajua nani anataka kitambaa kizito na nani anataka chepesi, anajua na sababu, ila hasemi. Msemaji ni mimi. Mimi ni mdogo wake: napiga pasi, nakunja pindo, natia pete, na nagombana na wateja wanaotaka kazi ya kesho kwa bei ya mwaka juzi.

Tunaishi wawili, wajane sote, na sebule yetu ndiyo karakana. Meza ya kukatia iko katikati, cherehani iko dirishani, majora ya vitambaa yamesimama kwenye kona kama wageni waliokosa viti, na ukutani pana televisheni. Mteja huketi kwenye kochi lililo karibu na mlango, na akiwa na maneno mengi namwekea mto mgumu.

Televisheni yenyewe haina neno. Neno liko kwenye kile kiboksi kilichokaa chini yake.

Dada ana mtoto mmoja tu, binti, na binti aliolewa na fundi wa kompyuta katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Sisi tulimwita Mkwe, basi. Nisimsingizie mtu: adabu alikuwa nayo. Viatu alivua mlangoni bila kuambiwa. Akisalimia, anainama. Sauti yake ya chini, mpaka unalazimika kunyamaza ndipo umsikie, na mimi kunyamaza ni kazi. Siku moja alikuja kututembelea akamkuta dada anaangalia televisheni iliyojaa chenga, picha ikija na kupotea. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, wewe unakula kwa macho. Usiyaharibu kwa chenga hizi."

Safari iliyofuata akaja na kiboksi. Ilikuwa kompyuta ya mezani, zile ndogo, hata sanduku la viatu vya mtoto ni kubwa kuliko hiyo. Ofisi fulani ilikuwa imebadilisha vifaa vyake ikaziuza za zamani kwa bei ya kutupa, na ubavuni bado palikuwa na gundi pale walipobandua namba yao. "Kwa kazi za ofisi imechoka," Mkwe akasema, "lakini kwa kuonyesha sinema itatuzika sote." Akapitisha waya mmoja kwenda kwenye televisheni, mwingine kwenda kwenye boksi la intaneti, akaijaza sinema, nyimbo za ujana wetu, picha za arusi yao, na katuni za mjukuu kwa siku ambazo angekuja kutembea. Akamwachia dada kibodi isiyo na waya, ikawa inakaa mezani pamoja na chaki na mkasi. Maandishi yote kwenye kioo aliyafanya makubwa, kila moja kama kichwa cha gazeti.

Dada aliipenda mashine ile, na aliyeileta alimpenda zaidi. Nani mwingine alikuwa na muda naye? Mimi namgombeza, wateja wanamharakisha, binti anapiga simu mara chache na kwa haraka haraka. Mkwe alikuwa na muda. Tena dada na mashine hawakuwa wanaelewana. Leo picha imelala kiubavu, kesho sauti imekufa, keshokutwa kabonyeza kitu na kila kitu kimegeuka rangi ya maboga. Anapiga simu: "Mwanangu, imegoma." Naye Mkwe anajibu, "Usiguse kitu, mama. Naingia."

Alikuwa amefunga humo kitu cha kumwezesha kuingia akiwa kwake. Basi sisi tunakaa kitako tunaangalia, na mshale kwenye kioo unaanza kutembea peke yake. Unashuka, unabonyeza, unafungua hiki, unafunga kile, sauti inarudi, picha inasimama. Wateja walikuwa wanaacha hata kupimisha madirisha yao, wanashangaa. Dada anawaambia kwa maringo, "Huo ni mkono wa mkwe wangu." Mimi nami nikawa nautania: mwambie huo mkono ukimaliza hapo upite na jikoni, vyombo vinausubiri. Tulicheka sana na mkono ule.

Ndipo binti akaja.

Alikuja mchana, bila taarifa, na mkoba wa shule umejaa nguo, na mtoto wake mkononi. Mtoto ni wa kike, yuko kwenye umri wa kuuliza kwa nini kuhusu kila kitu, na kwa sababu neno akishalisikia hulirudia, tunamwita Kasuku. Siku hiyo Kasuku alikuwa kimya. Binti akaketi kwenye kochi la wateja. Joto lilikuwa la kukausha nguo ndani ya nyumba, naye amevaa sweta. Dada alimwendea, akamvua lile sweta polepole kama anateremsha pazia bovu dirishani, na mkono wote kuanzia begani ulikuwa na rangi ambazo sisi hatuna hata kwenye majora yasiyouzika.

"Hapigi kelele," binti akatuambia. "Kelele ningezizoea. Yeye anapunguza sauti. Akianza kunong'ona ndipo namkimbiza mtoto chumbani."

Kituo cha polisi alikuwa ameshakwenda. Walimwita mume, mume akaja na shati lililonyooshwa na sauti yake ile, wakapatanishwa, wakaambiwa nyumba ni kuvumiliana. Aliporudi nyumbani, Mkwe akamwambia kwa upole kwamba akitoka tena na mtoto atamtafuta mpaka ampate, na akimpata hakutakuwa na kutoka mara ya tatu. Binti aliyasema hayo huku anamsuka mwanawe nywele, na mimi ndiye niliyekwenda kusimama uani nipate hewa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wazee walisema, na sisi tulikuwa tumekidhania kimya chake ni malezi.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Binti alisoma na mkunga mmoja aliyekuwa anakaa upande wa pili wa mji wetu, kwenye nyumba za hospitali. Mkunga alikuwa amepata uhamisho wa mbali, huko ambako hata sisi hatuna ndugu wa kusingizia, na alikubali kuwachukua wote wawili kama dada yake na mpwa wake. Gari la kubebea vyombo vyake lilikuwa la Jumamosi. Kazi yetu ilikuwa kuwaficha mpaka Jumamosi hiyo. Mkwe alipopiga simu, dada alimjibu, "Hawajafika hapa, mwanangu, na roho yangu iko juu." Dada yangu hajui kusema uongo, ndiyo maana uongo wake wa kwanza uliaminika.

Tukafunga mapazia. Simu ya binti tukaizima. Wateja tukawapokelea mlangoni, nikawaambia dada ana mafua ya kuambukiza. Lakini mtoto wa umri ule utamfungiaje ndani? Ukimwambia anyamaze atauliza kwa nini, ukimjibu atauliza tena. Tukamkabidhi kwa kompyuta. Akawa anakaa mkekani toka asubuhi, anaangalia sungura wanavyofukuzana, na sisi tunashukuru Mungu kwa zawadi ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba nzima tuliifunga, na hakuna kati yetu watu wazima aliyekumbuka.

Jumatatu mchana nilikuwa napiga pasi, dada yuko kwenye cherehani, binti anaoga. Katuni ikafika mwisho. Kabla sijaweka pasi chini nimwekee nyingine, ikarudi yenyewe mwanzoni, pale penye wimbo, na Kasuku akaanza kupiga makofi. Kibodi ilikuwa mezani, chini ya kitambaa, mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeigusa.

"Nani kairudisha?" nikamuuliza.

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba, bibi mdogo." Akaniangalia kama mtu anayemwelewesha mjinga. "Huwa ananirudishia wimbo. Anajua naupenda. Jana aliniwekea ya sungura mdogo."

Cherehani ikanyamaza. Nilitazama kioo, nikauona ule mshale. Ulikuwa kwenye kona, umetulia. Kisha ukaanza kuzunguka, duara dogo, duara kubwa, ukimkimbiza sungura pale alipo, na Kasuku akacheka mpaka akalala chali. Binti akatokea na taulo kichwani. Baadaye alituambia kwamba ule ndio ulikuwa mchezo wa baba na mtoto jioni, mtoto akiwa amepakatwa. Pale alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akateremka ukutani mpaka akakaa sakafuni. Harufu ya kuungua ndiyo iliyonizindua: kitambaa cha mteja kilikuwa kimeshashika pasi.

Nilikwenda moja kwa moja kuung'oa ule waya. Dada akanidaka mkono. Mwanamke huyu hajawahi kunishika kwa nguvu hata tukiwa watoto tukigombania kitanda, lakini siku hiyo aliacha alama.

"Usizime," akasema. Akamgeukia binti. "Anatuona?"

"Haina kamera, mama. Wala haisikii. Anaona kilicho kwenye kioo tu."

"Basi anaona katuni. Na anajua wazee hawaangalii katuni." Alikuwa amekaa tena kwenye kiti chake, anafikiri kwa sauti, jambo asilolifanya. "Toka jana anajua, na hajapiga simu kuuliza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tukizima, atajua tumejua, na jioni hii yuko kwenye basi. Tukiiacha, atadhani mtoto bado yuko mkekani, atakuja kwa wakati wake. Mimi nautaka huo wakati wake."

Kabla ya jua kuzama binti alitoka na jora la kitambaa begani kama mfanyakazi anayepeleka kazi kwa mteja, na Kasuku akamfuata amevaa kofia yangu. Wakaenda kwa mkunga. Mtoto alitaka kuaga katuni. Dada akamwambia katuni zitamsubiri, akafunga mlango, akarudi akaketi mkekani, yeye na magoti yake mabovu, na kuniita nikae naye.

Kazi ikawa hiyo. Mchana kutwa sungura. Mapazia ya watu yanasubiri, na wanawake wawili wenye mvi wamekodolea macho mnyama mwenye suruali. Mimi sasa nawajua wote kwa majina, nani mwizi, nani mwoga, nani kaolewa na nani. Kila alasiri mshale ulikuja. Ulirudisha wimbo mwanzoni, ukazunguka duara zake, ukasubiri. Kicheko alichokuwa anakitafuta hakikuwepo, lakini hakuwa na namna ya kukisikia. Nilikuwa nikiutazama mwili unanisisimka hadi kwenye kisigino. Dada aliutazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

Jumatano mshale haukuja. Tulikaa mpaka kiza, katuni ikaisha, ikabaki imesimama.

"Yuko njiani," dada akasema, akaenda kutandika kitanda cha wageni. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Akanipa foronya nivike mto.

Asubuhi ya Alhamisi tukasikia hodi. Alikuwa amebeba mfuko wa machungwa, begi moja, na mdoli mpya kwapani, wa nywele ndefu, bado uko kwenye nailoni yake. Akavua viatu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Katuni ilikuwa inaendelea. Aliutazama mkeka mtupu, akakitazama kioo, kisha akatutazama sisi. Alitabasamu kidogo.

"Kumbe ni nyinyi," akasema.

"Ni sisi," dada akamjibu. "Uzee ni utoto wa pili. Keti nikupe chai."

Akaomba kwanza anawe mikono. Tulimsikia ukumbini anafungua mlango, anafunga, anafungua mwingine. Tukasikia kabati. Sikusikia maji. Mimi nilikuwa nimeshika pasi. Sikujua nitaifanyia nini, lakini ilikuwa ya moto na nilikuwa nimeishika.

"Walikuwa hapa," akasema aliporudi.

"Walikuwa," dada akasema. Nusura niangushe pasi mguuni. "Wameondoka. Mtu anayekimbia haagi kwa maneno mengi."

"Hawajafika mbali. Mtu na mtoto, hana mfuko wa maana." Alikuwa anazungumza kwa upole, kama anatafuta kijiko. "Mama, yule rafiki yake mkunga, bado anakaa kule kwenye nyumba za hospitali?"

Hakungoja jibu. Akauweka mdoli mezani kwetu, juu ya chaki, akatupia begi begani. Mwendo wa kutoka kwetu hadi hospitali ni mfupi kuliko kupika wali. Niliona kila kitu kimekwisha, na niliona nimekaa tu.

Dada akainuka na kikombe chake kama anayemsindikiza mgeni. Alipofika kwenye televisheni akapepesuka, na chai yote ikaingia kwenye yale matundu ya juu ya kiboksi. Ikalia kama kiberiti, moshi mwembamba ukatoka, kioo kikawa cheusi.

Nimeishi na mwanamke huyu. Anakunywa chai juu ya kitambaa cheupe cha bibi arusi, anaongea, anakata, na tone halianguki.

"Nimeiua," akasema, na akaanza kulia. Machozi yalikuwa ya kweli, ya wiki nzima, alikuwa ameyahifadhi sijui wapi. "Zawadi yako, mwanangu. Kitu pekee nilicholetewa katika maisha yangu, nimekiua."

Mkwe alikuwa na mkono mmoja kwenye kitasa. Kuna watu hawawezi kupita mbele ya picha iliyokaa upande bila kuinyoosha. Nilimwona anautazama mlango, anakitazama kiboksi, chai inadondoka kutoka kwenye kona.

"Mmechomoa umeme?" akauliza.

Dada akatikisa kichwa. Mkwe akashusha begi. "Msiguse kitu," akasema.

Alikifungua juu ya meza yetu ya kukatia, vipande akavipanga kwa safu, akavifuta kimoja kimoja kwa brashi yangu ya nguo. Alisema kesho asubuhi atapita kule hospitali, hakuna haraka, mtu mwenye mtoto haendi popote wiki ikiwa katikati. Mimi nikasema nakwenda kununua mkate, nikampigia mkunga nikiwa dukani. Akaniambia mwenye gari ni mtu wa Jumamosi, hasogei, na hakuna mfanyakazi mwenzake aliye tayari kumficha mke wa mtu. "Mshikeni hapo hapo, mama mdogo," akasema. Kana kwamba anazungumzia mbuzi.

Ijumaa asubuhi alikuwa amemaliza kukausha. Kilichobaki ni kurudisha vipande na kuwasha, kisha aondoke. Wakati anaoga, dada alichukua kimoja, kibao chembamba kinachotosha kiganjani, akakitia ndani ya pindo la pazia alilokuwa analishona, akapitisha cherehani. Ilikuwa kazi ya pumzi mbili. Mkwe akatoka, akatafuta mezani, akatafuta sakafuni kwa magoti, akainua mkeka. Kisha akasimama nyuma ya kiti cha dada.

"Mama," akasema. "Kile kipande kilikuwa hapa."

Alikuwa ananong'ona. Niliyakumbuka maneno ya binti. Mkono wake ulikuwa umetua mezani, kando ya mkasi mkubwa. Dada hakugeuka. Aliendelea kushona pindo lile lile.

"Kitakuwa kimefagiliwa," akasema. "Mama yako mdogo hufagia kama anafukuza mwizi."

"Nami nitajuaje kama ni mali?" nikasema. "Vitu vyenu vyote vinafanana na takataka."

Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akasema atanunua kingine madukani, na huko huko atapitia hospitali. Dada akasema niende naye, wauzaji wa huku wanamchezea mgeni. Nikaenda. Nilimwongoza kwenye duka la mbali kuliko yote, kisha la mbali upande mwingine, ambako alikipata, na njiani nikasimama kumsalimia kila mtu niliyemfahamu na wengine ambao siwafahamu. Wote nikawaambia, huyu ndiye mkwe wetu, mwangalieni alivyo kijana mwema. Akainama, akasalimia, akatabasamu. Njia panda ya kwenda hospitali alipogeuza uso upande ule, nikaketi chini barabarani na kushika goti. Goti lilikuwa zima kuliko miaka yote. Watu walijaa, wengine wakasema masikini bibi, na mbele za watu Mkwe hakuwa na njia ila kunishika mkono na kunirudisha nyumbani, hatua kwa hatua. Vidole vyake vilinibana juu ya kiwiko, na havikulegea hata tulipofika mlangoni.

Jumamosi nilipoamka kitanda cha wageni kilikuwa kitupu na viatu havipo. Dada alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani, hajawasha hata jiko. Jua likapanda. Simu yangu ikalia, akawa mkunga, akauliza bei ya pazia la dirisha kubwa na la dirisha dogo. Hivyo ndivyo tulivyopatana ajulishe kwamba mama na mtoto wako barabarani. Nikamjibu tumeshauza yote mawili, nikakata, nikalia kwa sauti kama mtoto. Dada alinishika begani.

Mkwe alirudi mchana, viatu vimejaa vumbi.

"Chumba kimefagiliwa," akasema. "Mlinzi hajui gari limeelekea wapi."

Akaketi mezani, akatia kipande alichonunua, akawasha. Feni ya kiboksi ikaanza kuvuma, picha ikaja safi, bila chenga. Alikwenda kwenye begi lake, nami nikasimama kumfungulia mlango. Alitoa mashati yake, akayapeleka kwenye kabati la chumba walicholala binti na mtoto, akayatundika.

"Atakupigia simu, mama," akasema aliporudi. "Leo, mwezi ujao, sijui. Mtoto haachi kumtafuta mama yake. Mimi nitakaa hapa. Sina haraka."

Nilimvuta dada jikoni. Nilimwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimwambia napiga yowe sasa hivi, wanaume wa mtaa huu wote wanalala nyuma ya mapazia ya dada, watakuja wamtoe na mashati yake mpaka stendi.

"Ukimtoa hapa," dada akasema, "atakwenda wapi?"

Nikachungulia sebuleni alikokaa.

"Akiwa hapa, hayuko waliko binti na mtoto. Mwache akae. Nitampikia, nitamfulia, nitaiharibu ile mashine kila wiki aitengeneze."

"Na binti akipiga simu?"

"Hatapiga." Alikuwa anafuta kikombe kilichokuwa kimeshakauka. "Nilimwambia asinipigie tena. Hata akisikia nimekufa, asipige, asije."

Akakiweka kikombe, akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akarudi sebuleni. Mkwe alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, anaangalia wimbo wa mwanzo wa katuni. Dada akamwinamia.

"Kaa nayo wewe, mwanangu," akamwambia. "Masikio yangu siku hizi si mazuri. Ikilia, ipokee."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama kijana aliyelelewa vizuri, akaiweka karibu na goti lake. Dada akamuuliza kama mayai anayapenda yaive sana au kidogo.